Sumukuvu: Safari ndefu ya utafiti wa vyuo vikuu hadi ghalani mwa mkulima wa Dodoma

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

KILA mwaka, kuanzia Agosti mosi hadi Agosti 8, viwanja vya Nzuguni vilivyopo mashariki mwa Jiji la Dodoma hufurika wakulima na wafugaji wa Kanda ya Kati, yaani mikoa ya Dodoma na Singida. Ni Sikukuu ya Wakulima, maarufu kwa jina la Nane Nane. Wengi hufika kutazama ng'ombe wa kisasa, matrekta na mbegu mpya. Mabanda ya vyuo vikuu na taasisi za utafiti huwa na utulivu zaidi, kwa kuwa yanayoonyeshwa humo aghalabu hayana mvuto machoni pa mpita njia: turubai la kuanikia nafaka, mfuko wenye tabaka tatu, kifaa kidogo cha kupimia unyevu wa mahindi.

Hata hivyo, nyuma ya vitu hivyo kuna miaka mingi ya kazi ya maabara na ya vijijini, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilianza ikiwa tasnifu za wanafunzi wa Kitanzania waliokuwa wakisomea shahada ya uzamivu. Kuna pia makaburi. Mkoa wa Dodoma ni miongoni mwa maeneo machache duniani ambako sumu itokanayo na ukungu wa nafaka imewahi kuua watu wengi ndani ya msimu mmoja.

Maafa ya mwaka 2016

Mwezi Juni 2016 zilianza kutolewa taarifa za ugonjwa ambao awali haukufahamika, katika wilaya za Chemba na Kondoa mkoani Dodoma, na Kiteto katika mkoa jirani wa Manyara. Wagonjwa walikuwa na macho ya manjano, walitapika, na walilalamikia maumivu na uvimbe wa tumbo. Dalili zote hizo zilielekeza kidole kwenye ini.

Uchunguzi ulipokamilika ilibainika kuwa chanzo kilikuwa chakula cha kila siku: mahindi. Kwa mujibu wa taarifa ya kitaalamu iliyochapishwa mwaka 2018 na Analice Kamala pamoja na watafiti wenzake, watu 68 waliugua na 20 kati yao walifariki dunia. Hiyo ni sawa na takriban watu watatu kwa kila wagonjwa kumi. Sampuli za mahindi zilizochukuliwa katika kaya zilizoathirika zilionyesha viwango vya kutisha. Sheria za Tanzania zinaruhusu jumla ya maikrogramu 10 tu za aflatoksini katika kilo moja ya nafaka, lakini sampuli iliyoongoza ilikuwa na zaidi ya maikrogramu 50,000, yaani mara elfu tano ya kiwango hicho.

Tukio hilo halikuwa la kwanza Afrika Mashariki. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa katika wilaya za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sababu hiyo hiyo na 125 walipoteza maisha. Mazingira yanafanana: ukanda mkavu, mvua zisizotabirika, na familia zinazotegemea mahindi ya shamba lao wenyewe, ambayo hayapiti mbele ya mkaguzi yeyote kabla ya kufika sufuriani.

Sumu isiyo na rangi wala harufu

Sumukuvu ni jina la jumla la sumu zinazotengenezwa na aina fulani za ukungu, au kuvu, unaoota kwenye mazao. Zinazosumbua zaidi nchini ni mbili. Aflatoksini hutengenezwa na kuvu wa jamii ya Aspergillus, hasa Aspergillus flavus, na hupenda mahindi na karanga. Ya pili ni fumonisini, itokanayo na kuvu wa jamii ya Fusarium, ambayo hukaa zaidi kwenye mahindi.

Aflatoksini iligunduliwa kupitia bata mzinga. Mwaka 1960 zaidi ya ndege 100,000 wa aina hiyo walikufa nchini Uingereza, na wanasayansi walipofuatilia chakula chao walikuta mashudu ya karanga yaliyoingizwa kutoka Brazil yakiwa na sumu. Msomaji wa Dodoma anaweza kukumbuka hapa kwamba miaka michache tu kabla ya hapo, kati ya 1947 na 1951, serikali hiyo hiyo ya Uingereza ilikuwa imemwaga mamilioni ya pauni Kongwa katika mradi wa karanga ulioshindwa vibaya. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba zao lile lina adui wa namna hii.

Kuvu huyo huishi kwenye udongo. Mmea ukikosa maji wakati wa kutoa maua na kujaza punje, au ukitobolewa na wadudu, hupata mlango wa kuingilia. Baada ya mavuno, nafaka ikihifadhiwa ikiwa na unyevu unaozidi asilimia 13 hivi, kazi yake huendelea ghalani. Kupika hakusaidii sana, kwa sababu joto la jikoni haliivunji sumu hiyo kwa kiasi cha kutosha. Punje yenye sumu inaweza kuonekana safi kabisa. Tena sumu haisambai sawasawa ndani ya gunia: punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote, hivyo kiganja kimoja cha mahindi kikapimwa na kuonekana salama ilhali gunia lenyewe si salama.

Kula kiasi kikubwa kwa muda mfupi huua, kama ilivyotokea mwaka 2016. Kula kidogo kidogo kwa miaka mingi huleta madhara ya taratibu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani (WHO), limeiweka aflatoksini katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, hasa ya ini, na hatari huongezeka maradufu kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B.

Tasnifu zilizotangulia vifo

Jambo linalostahili kutafakariwa ni kwamba onyo lilikwisha kuandikwa. Miaka minane kabla ya maafa ya Chemba na Kondoa, Martin Kimanya, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Ghent nchini Ubelgiji, alichapisha pamoja na wenzake matokeo ya uchunguzi wa mahindi yaliyohifadhiwa majumbani. Walipima sampuli 120 kutoka vijiji vya Tabora, Iringa, Ruvuma na Kilimanjaro. Zaidi ya nusu zilikuwa na fumonisini. Asilimia 18 zilikuwa na aflatoksini, na asilimia 12 ya sampuli zote zilivuka kiwango kinachoruhusiwa nchini.

Mkoa wa Dodoma haukuwamo katika orodha hiyo. Lakini ujumbe ulikuwa wazi kwa yeyote aliyeusoma, kwamba mahindi anayoyala mkulima wa kawaida, ambayo hayajapita sokoni wala kiwandani, hayana mlinzi.

Mwaka 2010 ulifuata utafiti mwingine wa Kimanya na wenzake, safari hii ukiwahusu watoto wachanga 215 wa Wilaya ya Rombo. Ilibainika kuwa waliokula fumonisini kupita kiwango cha usalama walikuwa wafupi kwa wastani wa sentimeta 1.3 na wepesi kwa gramu 328 walipotimiza mwaka mmoja, wakilinganishwa na wenzao. Mwaka 2014, Happiness Magoha na wenzake walipima maziwa ya akina mama 143 wanaonyonyesha, wilayani humo humo, na kukuta kila sampuli ina aina ya aflatoksini inayopita kutoka kwenye chakula cha mama kwenda kwenye maziwa. Tafsiri sahihi ya matokeo hayo ni kwamba chakula cha mama ndicho kinachotakiwa kusafishwa. Maziwa ya mama yanabaki kuwa lishe bora kwa mtoto kuliko uji wa mahindi ambao huenda una sumu nyingi zaidi.

Mwaka uliofuata Candida Shirima na wenzake walitoa matokeo ya kufuatilia watoto 166 wa Tabora, Iringa na Kilimanjaro kwa kupima sumu hizo katika damu na mkojo. Fumonisini ilihusishwa tena na ukuaji hafifu.

Hoja hizi zina uzito kwa nchi ambayo, kwa mujibu wa takwimu za kitaifa za afya, asilimia 34 ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa katika utafiti wa 2015/16, na asilimia 30 katika ule wa 2022. Kwa muda mrefu maelezo ya udumavu yalikuwa uhaba wa chakula, maradhi ya kuhara na mama kukosa elimu ya lishe. Tasnifu hizi ziliongeza swali ambalo halikuwa likiulizwa kliniki: mtoto ameshiba, lakini ameshiba nini?

Uji wa lishe wenye mashaka

Swali hilo ndilo lililoirudisha Kongwa kwenye ramani ya utafiti. Kuhusisha sumu na udumavu si sawa na kuthibitisha kwamba moja huzaa lingine, kwa kuwa kaya yenye mahindi mabovu mara nyingi ndiyo pia kaya maskini, yenye maji machafu na milo michache. Ili kutenganisha mambo hayo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani na Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyopo Arusha walibuni jaribio kubwa wilayani humo. Mpango wake, uliochapishwa mwaka 2020, ulieleza kuwa maeneo 52 yanayohudumiwa na zahanati, vituo vya afya na hospitali yangegawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lingepewa unga wa uji uliohakikiwa kuwa na sumu kidogo, kwa ajili ya watoto wa miezi sita hadi 18, pamoja na elimu ya lishe. Kundi jingine lingepewa elimu ya lishe na kuendelea na unga wa nyumbani.

Uji wenyewe ndio kiini cha tatizo. Kwa miaka mingi akina mama wamefundishwa kliniki kuchanganya mahindi na karanga ili mtoto apate nguvu na protini. Ni ushauri mzuri kilishe, lakini unaunganisha katika kikombe kimoja mazao mawili yanayoongoza kwa kushambuliwa na aflatoksini. Dona nayo ina kitendawili cha namna hiyo. Wataalamu wa lishe huisifu kwa kuwa haijapoteza kiini na pumba, ilhali huko ndiko sumu hujikusanya zaidi, na kukoboa huipunguza kwa kiasi kikubwa.

Matokeo ya Kenya yanatahadharisha dhidi ya kutarajia majibu mepesi. Jaribio lililofanyika katika kaunti za Meru na Tharaka-Nithi na kuchapishwa mwaka 2018 lilionyesha kuwa kaya zikibadilishiwa mahindi mabovu kwa mazuri, sumu katika damu ya watoto hupungua. Kwa upande wa urefu, nafuu ilionekana katikati ya utafiti lakini haikuonekana mwishoni.

Kongwa ya macho na maji

Si mara ya kwanza kwa wilaya hiyo kuwa darasa la dunia. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, wakiongozwa na Sheila West, walianza kuchunguza trakoma Kongwa wakishirikiana na wataalamu wa Tanzania. Ugonjwa huo wa macho, unaoenezwa na bakteria, hukunja kope kwa ndani hadi zikwaruze mboni na hatimaye kuleta upofu. Waathirika wakubwa walikuwa watoto, na akina mama wanaowalea.

Maelezo yaliyozoeleka yalikuwa kwamba Dodoma ni kame na kwamba bila maji hakuna la kufanya. Watafiti waliingia ndani ya kaya za Wagogo na kuuliza nani huamua maji yatumike kwa kazi gani. Ikaonekana kuwa kisima kuwa mbali ni sehemu tu ya tatizo. Nyuso za watoto zilikuwa mwisho wa foleni ya matumizi ya maji, na wengi waliamini kuwa kuziosha kunahitaji maji mengi kuliko ilivyo kweli.

Ndipo likafanyika jaribio katika vijiji sita, ambalo matokeo yake yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1995. Watoto wa vijiji vyote walipewa dawa ya macho ya tetrasaiklini kwa siku 30, na katika vijiji vitatu ikaongezwa kampeni ya kunawa uso. Watoto waliodumu na nyuso safi walipata nafuu kubwa zaidi dhidi ya trakoma kali. Usafi wa uso ni moja ya nguzo nne za mkakati wa WHO wa kupambana na trakoma, pamoja na upasuaji, dawa na usafi wa mazingira, na ushahidi wa Kongwa uliipa nguzo hiyo uzito. Mwaka 1998 ulipoanzishwa mpango wa kimataifa wa kugawa dawa ya azithromaisini bila malipo, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi tano za mwanzo kunufaika.

Kilichoifikisha kazi hiyo hadi kwa mtoto wa kijijini ni kwamba jibu lake liliweza kutamkwa kwa maneno mawili, nawa uso. Sumukuvu haina neno jepesi kama hilo, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Yanayoweza kufanyika shambani na nyumbani

Ulinzi huanza kabla ya mavuno. Aflasafe ni bidhaa iliyotengenezwa kwa kutumia aina za kuvu wa Aspergillus flavus zisizo na uwezo wa kutoa sumu. Hutawanywa shambani wiki mbili hadi tatu kabla ya mazao kutoa maua, kiasi cha kilo nne kwa ekari, na kuvu hao wasio na madhara huchukua nafasi ya wale wenye sumu. Aina iliyotayarishwa kwa ajili ya Tanzania iliidhinishwa mwaka 2018. Kwa mkulima wa Dodoma, ambako mvua ni ya msimu mmoja na hukatika bila taarifa, kupatia siku sahihi ni mtihani.

Baada ya mavuno kazi huwa ya mikono. Mahindi yanayoanikwa juu ya udongo mtupu huokota kuvu, kwa hiyo turubai au kichanja ni kinga ya kwanza. Kuchambua na kuondoa punje zilizopasuka, zilizobadilika rangi au kutobolewa na wadudu huondoa sehemu kubwa ya sumu, na punje hizo hazifai kutengenezea pombe wala kulishia kuku au ng'ombe wa maziwa, maana sumu hurudi mezani kwa njia nyingine. Katika utafiti mwingine wa Kamala na wenzake huko Rombo, kaya zilizofundishwa mambo hayo, yaani kuchambua, kuanika vizuri juu ya mkeka, kuzuia wadudu na kukoboa kabla ya kusaga, zilikuwa na sumukuvu kidogo zaidi katika mahindi yao kuliko kaya ambazo hazikufundishwa. Hakuna hata hatua moja kati ya hizo inayohitaji mashine kutoka ng'ambo.

Mifuko yenye tabaka tatu, inayojulikana kwa jina la PICS, nayo ni zao la chuo kikuu. Ilibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, wakishirikiana na wenzao wa Kameruni waliokuwa wakitafuta namna ya kulinda kunde. Tabaka mbili za ndani huzuia hewa, wadudu hukosa oksijeni na kufa bila dawa. Mfuko huo hauondoi sumu iliyokwisha kuingia. Mahindi mabichi yakifungiwa humo huharibika.

Kwa asiye na kifaa cha kupimia unyevu ipo njia ya chupa na chumvi. Chumvi kavu huwekwa kwenye chupa kavu pamoja na mahindi, kisha hutikiswa kwa dakika chache. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu unazidi asilimia 15 hivi na mahindi yanatakiwa kurudi juani. Chumvi isiponata ni dalili njema, ingawa siku moja au mbili zaidi za jua hazidhuru.

Fedha na soko

Serikali, kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika na mfuko wa kimataifa wa kilimo na usalama wa chakula, ilianzisha mradi wa kudhibiti sumukuvu unaofahamika kama TANIPAC. Miongoni mwa kazi zake ni ujenzi wa kituo cha usimamizi wa mazao baada ya mavuno katika eneo la Mtanana, Kongwa, si mbali na soko la nafaka la Kibaigwa. Usimamizi wa usalama wa chakula nao ulihama Julai 2019 kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa kwenda Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Biashara nayo ilipata somo lake Machi 2021, Kenya ilipozuia ghafla mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Zuio hilo liliondolewa ndani ya siku chache kwa masharti, yakiwamo ya cheti cha usalama wa mzigo. Kwa wafanyabiashara ilikuwa hasara ya siku kadhaa mpakani. Kwa mlaji wa ndani lilibaki swali la haki: mahindi ya kuuzwa nje yanapimwa, yale yanayobaki kijijini yanapimwa na nani?

Kalenda ya Nzuguni

Vyuo vikuu havikosi jukwaa. Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007 kipo jirani, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kipo mwendo wa saa chache kwa barabara, na wanafunzi wa vyuo hivyo ndio mara nyingi husimama nyuma ya meza za maonyesho wakimweleza mkulima kwa Kiswahili mambo ambayo walimu wao waliyaandika kwa Kiingereza.

Tatizo ni tarehe. Mahindi ya Dodoma huvunwa na kuanikwa kati ya Mei na Julai, na ifikapo Agosti mosi mengi yamekwisha kuingia ndani. Somo la turubai linafika turubai likiwa limekunjwa. Somo la Aflasafe linafika miezi sita baada ya siku zake, na miezi sita kabla ya nyingine, muda unaotosha kabisa kulisahau. Mkulima anayetoka Chemba kwenda Nzuguni mwezi huo bado anaweza kufanya machache: kuchambua tena mahindi yake kabla ya kusaga, kujaribu chumvi kwenye chupa, kununua mifuko na kuhamishia humo yaliyokauka, na kukoboa kwanza yale yatakayopikwa uji wa mtoto.